Foto za Usiku: Jinsi Lenzi Zilivyopimwa Wakati wa Kupatwa kwa Jua, Mwaka 1919

Chukueni foto ya Komunio ya kwanza iliyopigwa mbele ya kanisa. Watoto wamesimama mstari mmoja, na nyuma yao ni ukuta wa matofali. Mara nyingi mtaona kwamba pembeni mwa foto ukuta ule umejipinda kama tumbo la pipa, na mtoto wa mwisho wa mstari ana kichwa kipana kuliko kile alichozaliwa nacho. Lakini mwashi aliyejenga ukuta alitumia kamba na timazi, na mpaka leo ukuta umenyoka. Aliyesema uongo ni lenzi ya mashine ya foto.

Kila lenzi ina uongo wake mdogo. Nyingine hupinda mistari kwa nje, nyingine kwa ndani. Joto na baridi nazo huweza kuikuza picha au kuipunguza kidogo sana. Kwa foto ya jamaa si kitu. Lakini mtu anayetaka kupima kwa foto, kama wafanyavyo wapima nchi wanaopiga foto kutoka ndege, yampasa kwanza aujue uongo wa lenzi yake. Ataujuaje? Anapiga foto ya kitu ambacho umbo lake analijua tayari. Siku hizi wengi hutumia ubao wenye miraba myeusi na myeupe. Wanaupiga foto katikati, pembeni, kwa karibu na kwa mbali. Halafu kompyuta inalinganisha mistari ya foto na mistari ya kweli, na tangu hapo inajua namna ya kusahihisha foto nyingine zote za lenzi ile. Foto za ubao hazina uzuri wowote, wala hakuna atakayezitundika sebuleni.

Nataka kuwasimulia habari ya foto za namna hiyo zilizopigwa mwaka wa 1919. Waliozipiga hawakuwa na ubao wa miraba. Walitumia nyota za usiku, ambazo Mungu aliziweka kila moja mahali pake na hazihami kwa kupenda kwetu. Na bila foto hizo za usiku, foto mashuhuri za mchana zisingalikuwa na maana yoyote.

Mwaka wa 1915 Albert Einstein, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi mjini Berlin, alimaliza fundisho lake jipya juu ya nguvu ile inayovuta vitu vyote kuelekea vingine, iangushayo embe na kuzungusha mwezi. Kati ya mambo aliyosema yatatokea, moja lilihusu nuru. Alisema: nuru ya nyota ikipita karibu sana na jua, itapindika kidogo njiani, hata sisi tunaoitazama tutaiona nyota ile kana kwamba imesogea upande, mbali na jua. Akaandika na kipimo chake: kwenye ukingo wa jua, sekunde 1.75.

Hapa hatusemi sekunde za saa. Duara zima la mbingu lagawanywa digrii 360, na kila digrii yagawanywa sekunde 3,600. Upana wa jua tunaouona ni karibu nusu ya digrii. Basi kusogea kwa sekunde 1.75 ni kusogea kwa sehemu moja hivi ya elfu ya upana wa jua. Kwa fundisho la zamani la Isaac Newton, mtu angeweza pia kuhesabu kwamba nuru itapindika, lakini kwa nusu tu ya kiasi hicho, yaani sekunde 0.87. Tena iliwezekana kwamba nuru haipindiki kamwe. Hivyo majibu yalikuwa matatu, na nyota zenyewe zilipaswa kuulizwa.

Lakini nani aonaye nyota karibu na jua? Mchana mwanga wa jua wazifunika zote. Yabaki saa moja tu, ile mwezi unapopita mbele ya jua na kulifunika kabisa. Hapo giza linaingia mchana, kuku wanarudi kulala, na nyota zinatokea kwa dakika chache. Frank Dyson, mkuu wa wataalamu wa nyota wa Uingereza, alionyesha mwaka wa 1917 kwamba kupatwa kwa jua kwa tarehe 29 Mei 1919 kutakuwa kwa bahati ya pekee. Siku ile jua lingekuwa mbele ya kundi la nyota liitwalo Hyades, si mbali na Kilimia, na kundi lile lina nyota nyingi zenye mwanga. Jua hupita pale kila mwaka mwishoni mwa Mei. Lakini kupatwa kabisa siku hizo hizo ni jambo la nadra.

Tarehe 29 Mei 1919 ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya Kupaa Bwana. Kivuli cha mwezi kilianza Amerika ya Kusini, kikakata Brazili, kikavuka bahari, kikagusa kisiwa cha Principe karibu na pwani ya Gabon, kisha kikaingia bara letu. Kikapita juu ya misitu ya Kongo na kufika ziwa Tanganyika wakati wa alasiri. Waingereza walipotafuta mahali pa kuweka mashine zao waliandika majina matatu: kaskazini ya Brazili, Principe, na ng'ambo ya magharibi ya ziwa Tanganyika. Ndiyo kusema, kidogo tu mambo haya yangetendeka kwetu. Lakini vita ilikuwa bado haijaisha walipokuwa wakishauriana, na safari ya ziwani ilikuwa ndefu. Wakachagua mahali pawili pa kwanza.

Kwenda Principe walichaguliwa Arthur Eddington, mwalimu mkubwa wa Cambridge, pamoja na Edwin Cottingham, fundi wa saa. Eddington alikuwa wa chama cha Quaker, ambao hawakubali kushika silaha, na kwa ajili ya imani hiyo alikataa kwenda vitani. Dyson alimwombea aachwe kwa ajili ya kazi hii. Kwenda Sobral, mji wa Brazili, walichaguliwa wawili wa nyumba ya nyota ya Greenwich: Charles Davidson na Andrew Crommelin. Crommelin huyo alikuwa Mkatoliki. Alikwenda badala ya padri mmoja, na habari ya padri huyo yatupasa kuisimulia vizuri, kwa sababu mara nyingi wanaosimulia mambo haya humruka.

Jina lake Aloysius Cortie, wa Shirika la Yezu. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya nyota ya Stonyhurst, chuo cha Wayezuiti huko Uingereza, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchungua madoa ya jua. Alikuwa amekwisha kusafiri kutazama kupatwa kwa jua mara kadhaa. Alitaka kwenda Brazili, lakini hakuweza kuacha kazi zake kwa miezi mingi hivyo. Basi alitoa shauri na kuazimisha vyombo. Alisema: pamoja na lenzi kubwa mtakayochukua, chukueni na hii ndogo. Ilikuwa lenzi ya upana wa inchi 4, yaani sentimeta 10 tu, mali ya chuo cha wataalamu wa Irlandi. Yeye mwenyewe alikuwa ameitumia Uswidi mwaka wa 1914. Upana wake mdogo, lakini ilitupa picha mbali, futi 19 nyuma yake, karibu meta 6, na kwa hiyo picha yake ya mbingu ilikuwa kubwa.

Lenzi zile kubwa mbili, moja ya Oxford iliyokwenda Principe na moja ya Greenwich iliyokwenda Sobral, zilikuwa zimetengenezwa kwa kazi nyingine, ile ya kuchora ramani ya mbingu yote kwa foto. Nyumba nyingi za nyota za dunia ziligawana kazi hiyo, na ile ya Vatikano ilikuwa mojawapo. Mwaka ule ule wa 1919 masista wa Maria Bambina walikuwa wakikaa kila siku Vatikano mbele ya darubini ndogo, wakipima nyota moja moja juu ya mabamba ya kioo. Tangu 1910 mpaka 1921 walipima nyota 481,215. Katika kazi hiyo, kila bamba lilichapwa kwa nuru miraba ya mistari myembamba kabla ya kutiwa katika dawa. Dawa ikivuta ngozi ya bamba na kuikunja, mistari nayo itakunjika, na sista atajua kwamba nyota hii haikusogea mbinguni. Ni bamba lililojikunja. Naleta habari hii ili msomaji aone kwamba watu wa nyota walikuwa na desturi ya kutoamini foto zao wenyewe.

Sasa tuingie katika shida yenyewe. Zile lenzi kubwa zilitupa picha yao meta 3 na nusu hivi nyuma yao. Kwa urefu huo, kusogea kwa sekunde 1.75 ni kusogea kwa sehemu 3 za mia za milimeta moja juu ya bamba. Unywele wa kichwa chako ni mnene kupita hapo. Na hicho ni kipimo cha ukingo wa jua. Nyota zinazoonekana ziko mbali zaidi, na kusogea kwao ni kudogo zaidi.

Mbaya kuliko hayo, lenzi nayo yaweza kuzisogeza nyota. Fikiri picha iliyokuzwa kwa sehemu moja tu ya 5,000 kwa sababu ya joto. Nyota iliyo milimeta 50 kutoka katikati ya bamba itakuwa imesogea sehemu moja ya mia ya milimeta. Itasogea upande gani? Kwa nje, mbali na katikati. Na katikati ndipo jua lilipo! Hivyo uongo wa lenzi na ukweli wa Einstein, kama upo, vyote viwili vyazisukuma nyota upande mmoja. Utavitenganishaje?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni hii. Lenzi iliyokuza picha husogeza zaidi nyota zilizo mbali na katikati, na zile za karibu husogea kidogo. Jua la Einstein hutenda kinyume: nyota ya karibu yasogea sana, nyota ya mbali kidogo. Ukiwa na nyota nyingi, za karibu na za mbali, zikiwa safi juu ya bamba, utaweza kwa hesabu kutenga fungu la lenzi na fungu la jua.

Njia ya pili ni kupiga foto nyota zile zile, kwa lenzi ile ile, wakati jua halipo kati yao. Tena kupiga foto nyota nyingine ambazo jua halikuzikaribia kabisa, kwa kuipima lenzi tu. Ikiwa nyota zisizo na jua nazo zaonekana zimesogea, basi mwizi ni lenzi. Ikiwa hazikusogea hata kidogo, lenzi imeachiliwa huru.

Huko Oxford, mwanzoni mwa mwaka wa 1919, lenzi ya kwenda Principe ilipigia foto kundi la Hyades usiku. Kisha ikapigia foto sehemu nyingine ya mbingu, karibu na ile nyota kubwa iitwayo Arcturus. Eddington alijua kwamba hataweza kungoja Principe mpaka Hyades zionekane usiku: kule kupatwa kulikuwa baada ya saa nane mchana, na ingempasa kukaa miezi mingi kabla ya nyota zile kufika mahali pale pale gizani. Lakini Arcturus ilionekana Principe usiku wa Mei. Basi akapanga kuipiga foto kule kisiwani, alinganishe na foto za Oxford. Nyota zile zilikuwa mbali kabisa na jua, hazikuhusika na kesi. Zilikuwa ndizo mashahidi wa lenzi.

Walisafiri kutoka Liverpool mwezi wa Machi, na Eddington alifika Principe tarehe 23 Aprili. Walipewa nafasi katika shamba la kakao liitwalo Sundy. Masanduku yalipelekwa kwa reli ndogo ya shamba, lakini njiani palikuwa na kipande cha msitu, karibu kilometa moja, ambapo wachukuzi wenyeji waliyabeba. Taarifa ya safari yasema tu kwamba walikuwa wenyeji. Mimi ningependa kujua majina yao, maana lenzi ya Oxford ingaliweza kuvunjika pale msituni, lakini haikuvunjika.

Katika mwezi wa Mei, usiku, walipiga foto za Arcturus. Tarehe 29 asubuhi mvua kubwa ilinyesha. Ilipofika saa ya kupatwa, mawingu yalikuwa bado yakipita mbele ya jua. Walifanya kazi yao bila kujua watapata nini, Eddington akibadilisha mabamba, Cottingham akiangalia mashine, kwa sekunde 302 tu za giza. Walipata mabamba 16. Karibu yote yalionyesha ndimi za moto za jua vizuri sana, lakini nyota hazikuwapo, au zilikuwa chache mno. Mabamba mawili tu yalifaa, kila moja na nyota 5.

Nyota 5 hazitoshi kwa ile njia ya kwanza. Huwezi kuzitumia kutenga fungu la lenzi na fungu la jua kwa uhakika. Na hapa ndipo foto za Arcturus zilipookoa safari nzima. Zilipolinganishwa foto za Principe na zile za Oxford, nyota za Arcturus zilikuwa mahali pake. Hazikuonyesha kusogea kama kule kwa nyota za kupatwa. Lenzi ilikuwa imesafiri baharini, imebebwa msituni, imekaa katika joto la kisiwa, na bado ilisema kama ilivyosema Uingereza. Basi kwa kutumia kipimo kilichopatikana katika foto hizo, mabamba mawili maskini yaliweza kutoa jibu: sekunde 1.61, pengine kuzidi au kupungua 0.30.

Huko Sobral hali ilikuwa nyingine. Davidson na Crommelin walikuwa wamesimika darubini zao mbili katika uwanja wa mashindano ya farasi, zimelazwa chini, na mbele ya kila moja kioo cha kujitazamia kilichogeuzwa polepole na mashine ya saa ili kuifuata mbingu. Wakati wa asubuhi palikuwa na mawingu, lakini jua lilipofunikwa, mbingu ilifunguka mahali pale pale. Walipiga mabamba 19 kwa lenzi kubwa ya Greenwich, na 8 kwa lenzi ya Padri Cortie. Katika hayo 8, moja liliharibiwa na wingu jembamba. 7 yalikuwa safi, kila moja na nyota 7.

Kusafisha foto katika nchi ya joto ni kazi ngumu, kwa kuwa maji ya moto hulainisha ngozi ya bamba, na nyota huteleza pamoja nayo. Barafu hawakuwa nayo. Walitumia mitungi ya udongo ya kupozea maji, kama ile ya mama zetu, wakafanya kazi usiku tu na alfajiri, tena wakatia dawa ya kukaza ngozi ya bamba.

Usiku uliofuata kupatwa, walipotazama mabamba ya kwanza ya lenzi kubwa, Davidson aliona jambo baya. Kabla ya siku ile nyota zilikuwa zimetokea kali kama ncha ya sindano. Sasa zilikuwa zimetawanyika, kama taa inayoonekana ndani ya ukungu. Lenzi haikuguswa na mtu. Walidhani kwamba jua la asubuhi lilikipasha moto kile kioo cha mbele na kukipindisha kidogo sana. Aliandika jambo hilo siku ile ile, tarehe 30 Mei. Msomaji aishike tarehe hiyo, maana tutairudia.

Tofauti na Eddington, hawa wawili waliweza kungoja, kwa sababu Sobral kupatwa kulikuwa asubuhi, na nyota zile zingerudi kuonekana kabla ya mapambazuko baada ya wiki chache. Waliingiza vioo na mashine za saa ndani ya nyumba, wakaziacha darubini mahali pake, wakaenda pwani. Mwezi wa Julai wakarudi, wakasimika kila kitu kama kilivyokuwa, wakaamka usiku baada ya usiku kupiga foto za Hyades bila jua. Lenzi kubwa ilikuwa imepona: nyota zikawa kali tena, bila mtu kuirekebisha.

Kwa lenzi ndogo walifanya jambo la akili sana. Walipiga bamba moja likiwa limegeuzwa, nuru ikipita ndani ya kioo kabla ya kufika penye dawa. Kwa hiyo walipofika nyumbani waliweza kulaza bamba hilo juu ya kila bamba la kupatwa, ngozi kwa ngozi, na kila nyota ikawa karibu na mwenzake. Hapakuwa na haja ya kupima bamba zima; walipima tu ule upenyo mdogo kati ya nyota na nyota.

Walipomaliza hesabu huko Greenwich, lenzi ya Padri Cortie ilitoa sekunde 1.98, pengine kuzidi au kupungua 0.12. Lenzi kubwa ilitoa 0.93.

Hapo ndipo penye kesi. 1.98 na 1.61 zaelekea upande wa Einstein. 0.93 yaelekea upande wa Newton. Lenzi kubwa ilikuwa na mabamba mengi, ya pili ilikuwa na 7, na Principe 2. Nani aaminiwe? Kama ingekuwa kura, lenzi kubwa ingeshinda.

Dyson na wenzake waliiweka kando. Sababu yao ilikuwa ile ya nyota zilizotawanyika: lenzi iliyotibuka mchana na kupona Julai haiwezi kulinganishwa na nafsi yake, kwa sababu foto za Julai zinapima lenzi nyingine, iliyo nzima. Wakaongeza na neno hili: tukidhani kwamba ukubwa wa picha haukubadilika, ila nyota tu zilitawanyika, mabamba yale yale yatoa 1.52. Hesabu moja yasema 0.93, nyingine 1.52, kwa mabamba yale yale. Namba zote mbili waliziandika katika taarifa yao, wasizifiche.

Tarehe 6 Novemba 1919, siku ya Alhamisi, vyama viwili vya wataalamu vilikutana London kusikia habari hiyo. Dyson akasema nyota zimekubaliana na Einstein. Magazeti yakajaa. Ilikuwa imepita karibu mwaka mmoja tu tangu vita kuisha, na Waingereza walikuwa wamevuka bahari kuthibitisha fundisho la mtu wa Berlin.

Baadaye, miaka mingi ilipopita, watu wengine walimshtaki Eddington. Walisema alilipenda fundisho la Einstein tangu mwanzo, jambo ambalo ni kweli, na kwamba kwa upendo huo alitupa mabamba yasiyompendeza. Shtaka hili si dogo. Hakimu anayefukuza shahidi kwa sababu hapendi ushuhuda wake ni hakimu mbaya, hata kama baadaye hukumu yake yaonekana ya haki. Lakini kwanza, mabamba ya Sobral hayakupimwa na Eddington. Yalipimwa Greenwich, chini ya Dyson, ambaye hakuwa na hamu kama ile. Pili, turudie tarehe 30 Mei. Davidson aliiandika ile lenzi kuwa ina ugonjwa usiku wa kwanza, kabla hajapima nyota hata moja, kabla mtu yeyote hajajua itasema nini. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye haki ya jambo lote. Ikiwa wangegundua ugonjwa wa lenzi baada ya kuona 0.93, mimi mwenyewe ningewashuku.

Hata hivyo watu wa nyota hawakuridhika na safari moja. Mwaka wa 1922 jua lilipatwa tena, likaonekana Wallal, pwani ya Australia, na Wamarekani wa nyumba ya nyota ya Lick, Campbell na Trumpler, walikwenda. Hao walijifunza kwa shida za wenzao. Miezi kadhaa kabla ya kupatwa, Trumpler alipeleka mashine kwenye kisiwa cha Tahiti, akapiga foto za nyota zile usiku, kabla jua halijafika kwao. Jibu lao lilikuwa 1.72, pengine kuzidi au kupungua 0.11.

Mabamba ya Sobral yalihifadhiwa Uingereza. Mwaka wa 1979, miaka 60 baada ya kupatwa, nyumba ya nyota ya Greenwich iliyatoa, ikayapima upya kwa mashine mpya iliyoweza kusoma hata nyota zilizotawanyika. Lenzi ndogo ikatoa 1.90, pengine kuzidi au kupungua 0.11. Lenzi kubwa, ile iliyowekwa kando, ikatoa 1.55, pengine kuzidi au kupungua 0.34. Wale walioanza kazi hiyo hawakuwapo tena. Padri Cortie alikuwa amefariki tangu mwaka wa 1925.